Jani Lenye Tundu

Kwenye matanga ya Mama Goreti nilisifiwa kwa kosa langu, na nimeona niandike haya mapema, kabla na mimi sijaanza kuziamini zile sifa. Ilikuwa mchana, Kibondo, uani kwa Goreti mwenyewe, wengine wamekaa kwenye viti vya kukodi, wengine kwenye mikeka chini ya turubai. Goreti, ambaye siku hizi ni bibi mwenye wajukuu, alisimama kuwashukuru waliokuja. Alipofika kwangu akanyoosha mkono. "Mnamwona yule mama mwenye kitenge cha njano? Huyo ndiye dada Yustina. Ndiye aliyelifumua sweta la mama yangu. Asingelifumua, mimi nisingepatikana." Watu wakageuka kuniangalia. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akaacha. Mimi niliinama, nikaangalia vidole vyangu, na kichwani lilikuwemo neno moja tu: sivyo. Sikulisema. Mfiwa hakatizwi. Lakini mkobani nilikuwa na daftari la mwaka ule, nililolichukua nyumbani bila kujua kwa nini, na nilijua limeandika vingine.

Daftari lenyewe si la kutegemewa sana, niseme ukweli. Mimi ni mtu wa darasa la saba, na mwalimu wetu ndiye aliyetuzoesha kuandika kila siku mstari mmoja wa hali ya hewa. Wenzangu waliacha siku tuliyomaliza shule. Mimi nikaendelea, nikawa naongeza mambo mengine chini ya hali ya hewa. Kuna kurasa zimeliwa na mende. Kuna siku nimeandika "mvua" na mimi nakumbuka jua kali. Kwa hiyo pale ninaposema fulani alisema hivi, ijulikane nimeandika kama nilivyosikia, na masikio yangu yalikuwa ya msichana wa miaka kumi na saba aliyejiona hana bahati. Ulikuwa mwaka wa katikati ya miaka ya sabini, wakati watu wa kwetu Gwarama walipokuwa wakihamia kwenye nyumba za kijiji zilizopangwa mistari. Mimi sikuchaguliwa kuendelea na masomo. Nikapelekwa Kasulu, kwa mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, ndiye huyu Mama Goreti, nikajifunze kufuma.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la Mzee Shabani, ukutani mwa stoo, na kwa sababu hiyo kila kitu chetu kilinuka dagaa na sabuni ya mche kwa pamoja. Kitanda cha mbao kilikuwa kimoja, tukilala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake. Palikuwa na mkeka, jiko la mafiga matatu nje chini ya upenu, dirisha lisilo na kioo, na kwenye kona boksi kubwa la karatasi ngumu lililojaa masweta makuukuu. Hayo masweta ndiyo yaliyokuwa shamba letu. Uzi mpya haukuwapo madukani, au ulikuwapo mara moja ukaisha, kwa hiyo Mama Goreti alikuwa akikusanya masweta yaliyochakaa, yale waliyogawiwa wakimbizi kanisani na mengine aliyoletewa na watu wa mjini, akayafumua. Unatafuta mwisho wa uzi kwenye shingo, unauvuta, sweta linaanza kukimbia mstari kwa mstari, na mwenzako anauzungusha kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa. Uzi ukitoka hapo umejikunja kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Unauosha, unauanika na jiwe chini yake ili unyooke, na ukikauka unauzungusha kuwa donge. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye sakafu ya saruji ya duka. Hata leo nikisikia chuma kikisuguliwa kwenye saruji, mate ya maharage yanakuja mdomoni, kwa sababu kazi ile tuliifanya huku chungu kikiwa jikoni.

Hakuwa akifuma masweta. Alifuma vitu vidogo vya kupambia nyumba: uyoga wa kahawia wa kuning'iniza juu ya mlango, nyuki, ua la mboga, yaani mmea wa maboga, la njano, kipepeo wa kubandikwa kwenye pazia, na zaidi ya vyote jani la mharage. Jani la mharage ni vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, na mimi niliyelima maharage tangu nikiwa mdogo sikuwa nimewahi kuligundua hilo mpaka aliponiambia nikaangalie. Wiki ya kwanza alinipa jani lake moja nilifuatishe. Nikaona kijani cha katikati kina tundu, pembeni kidogo ya uti wake. Nikadhani kitanzi kimemponyoka. Kwa hiyo langu nikalifuma zima, na lake nikaliziba tundu kwa sindano ya kushonea, nikampelekea yote mawili nikisubiri kupongezwa.

Aliyageuza mara mbili. "Yusitina," alikuwa akiniita hivyo, "wewe kwenu munalima?"

"Tunalima, mama."

"Jani lisilo na tundu uliliona shamba gani?"

Nikayatazama yale majani mawili. "Oya, niambie," akasema huku anacheka, na oya kwao na kwetu ni kukataa, "niende na mimi nikalime huko wadudu hawafiki." Akalifumua langu mbele ya macho yangu, taratibu, akanirudishia uzi. Niliandika siku hiyo: *Jua. Amenifumulia. Ana dharau.* Sasa najua haikuwa dharau, lakini nimeliacha neno hilo pale lilipo, maana ndivyo nilivyoona. Baada ya hapo nilijifunza lile tundu. Si kitanzi kilichoponyoka. Unaunganisha vitanzi viwili, unaupitisha uzi juu ya sindano, na ukirudi mstari unaofuata tundu limekaa mahali pake, halitanuki wala halizibi.

Jambo ambalo sikujifunza ni kuuliza. Mjini walimwita Mama Goreti, na aliyemwita vinginevyo hakugeuka. Lakini Goreti hakuwapo. Chumbani hapakuwa na gauni la mtoto, na mumewe sikuwahi kumsikia akitajwa. Nilisikia wanawake wawili kisimani. "Huyo Goreti mwenyewe yuko wapi?" "Sst! Acha. Watu wametoka kwenye vita." Nami nikaacha. Nilikuwa nimelelewa kwamba mtu asiyekuwapo hatajwi na mtu mwingine kwanza, anatajwa na mwenye msiba wake. Nilidhani mtoto amekufa. Kila baada ya wiki mbili tatu Mama Goreti alifunga kifurushi, akaenda Makere siku mbili, akarudi amevimba miguu. Sikuuliza anakwenda kufanya nini, wala kifurushini mna nini. Nilimpikia ugali wa muhogo na kisamvu chenye mawese, nikamwekea maji ya vuguvugu kwenye karai, nikajiona mtoto mwenye adabu.

Mwezi wa kumi, mvua zilipoanza, Bi Mwanaidi aliingia chumbani kwetu. Huyu alikuwa mke wa Mzee Shabani, mtu wa pwani, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni, na daftari langu halikumtendea haki hata kidogo. Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka shada la kufumwa la kuzunguka mlango mzima wa chumba cha bibi harusi, na maua yawe ya asumini.

"Asumini iko namna gani, mama?" Mama Goreti akauliza.

"Jamani! Hujapata kuiona asumini? Nyeupe, ndogo, inanukia. Mwanamke anaiweka nywelani."

"Kama ua la mboga?"

"Ua la mboga!" Bi Mwanaidi akashika kiuno. "Ntamtia mwanangu maboga mlangoni, mimi? Waje wakwe waulize tumeoza mke au tumefungua shamba?"

Mama Goreti akainuka. Akatoka na mvua ile ile, akarudi na kitawi cha mkahawa kutoka uani kwa jirani. Mikahawa ilikuwa imechanua, maua meupe, madogo, yenye kunukia. Akampa. Bi Mwanaidi alikipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayepewa panya, akakisogeza puani kwa kejeli tu. Kisha akakaa kwenye kitanda chetu. "Kumbe hino mnayo," akasema kwa sauti ndogo. "Miaka kumi na mitano niko hapa, kumbe mnayo." Nikamwandikia mabaya siku hiyo pia, kwamba alikaa bila kukaribishwa. Lakini kabla hajatoka sauti ilikuwa imemrudia. "Na kila maua mawili, jani katikati. Na majani yasiwe yameliwa!"

"Basi nitamfumia kila jani na mdudu wake," Mama Goreti akaniambia mlango ulipofungwa, "aone nani amelila." Tulicheka mpaka Mzee Shabani akagonga ukuta wa stoo.

Maua meupe yalikwenda vizuri. Kilichokwisha ni kijani. Zilibaki siku tisa, na boksini mlikuwa na kijivu, nyekundu, bluu ya shule, basi. Mama Goreti alisema tutatafuta, akafunga safari yake ya Makere kama kawaida, ila safari hiyo aliondoka mikono mitupu. Nilikuwa nimemwona jana yake anafua. Asubuhi, mvua ikiwa imekatika, nikatoka uani nikaona kwenye kamba, kati ya mashuka, sweta la kijani la mtu mzima. Lilikuwa limechakaa kabisa. Viwiko vimetoka nje, kola imelika kama imetafunwa na panya. Kifuani, kwa uzi ule ule wa kijani, lilifumwa jani la mharage, vijani vitatu, na tundu lake. Nililiona hilo jani. Sitaki kujitetea kwamba sikuliona. Nilidhani ni kazi ya zamani ya kujifunzia, na kwamba amelifua kwa ajili ya kulifumua, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kwa kila sweta: tunalifua kwanza. Kijani chenyewe kilikuwa kile hasa. Nikajiona nimeokolewa.

Nilifanya kazi ile peke yangu, mchana mzima, kwa furaha, nikiimba. Kola ndiyo iliyonisumbua. Uzi wake ulikuwa umekatikakatika vipande vya urefu wa kidole, haukufaa kuunganishwa, kwa hiyo nilivikusanya kiganjani nikavitia jikoni chini ya chungu cha maharage. Vikatoa moshi wenye harufu ya nywele. Kisha nikapata mwisho wa uzi mzuri, nikavuta, na sweta likaanza kukimbia. Jani la kifuani lilipofika zamu yake lilitoweka kwa kuvuta mara ishirini hivi. Nilikuwa nimelihesabu kwa sababu nilitaka kumwambia.

Alirudi kesho yake saa tisa. Nilikuwa nimeuanika uzi kwenye kamba ile ile, makata manne ya kijani, uzi uliozungushwa kama pete, mawe yakining'inia chini. Alisimama mbele yake na matope mpaka magotini. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kola iko wapi?" Kati ya vyote, aliuliza kola. Nikamwambia nimeitia motoni, ilikuwa haifai. Akasema, "Ego." Hiyo kwetu ni ndiyo. Akakaa chini pale pale kwenye udongo uliolowa.

Habari yenyewe alinieleza jioni hiyo, maharage yakiwa mbele yetu na hakuna anayeyagusa. Alikuwa amefuma masweta mawili ya sare, lake na la mtoto. Goreti alikuwa na miaka mitano, na akichoka alibebwa bado, na akibebwa alikuwa na tabia ya kutafuna kola ya mama yake mpaka alale. Walivuka mpaka upande wa Munanila alfajiri moja, kwenye ukungu mzito, watu wengi, wanasukumana kimyakimya. Yeye alikuwa ameshika mkono wa mtoto. Ukungu ulipoinuka akaangalia chini, na mkono alioushika haukuwa wa Goreti. Ulikuwa wa mtoto wa mtu mwingine. Alizunguka nao mpaka akamwona mama yake, akamkabidhi. Lakini wa kwake hakuletwa na mtu. Ndiyo maana alikuwa akienda Makere, ambako wakimbizi walipita na makatekista walikutana: anasimama nje ya kanisa amelishika lile sweta kifuani, anauliza, mmemwona mtoto mwenye sweta kama hili? Mara hii hakulichukua kwa sababu lilikuwa halijakauka.

"Ungeniuliza, mwana wanje," akasema.

"Niliona aibu kuuliza, mama."

"Na mimi niliona aibu kusema." Akavuta sahani. "Haya. Tumeona aibu wawili. Kula."

Nimeishi na jioni hiyo miaka mingi sasa. Nilipokuja kuwa na wasichana wangu mwenyewe wa kuwafundisha, na mmoja akanichomea kitambaa cha mezani kwa pasi, kitambaa cha mama mkwe wangu, nilifungua mdomo kumtukana nikasikia *haya, kula* inatoka badala yake. Sisemi mimi ni mwema. Nasema nilikopeshwa ulimi wa mtu mwingine siku hiyo. Niliandika kwenye daftari: *Mawingu. Hajanifukuza.* Kesho yake tena: *Jua. Hajanifukuza.* Kuna kurasa nne za namna hiyo.

Siku ya tano alishusha makata, akazungusha madonge, akaanza kufuma majani, kila moja na tundu lake. Nikamwambia alifume sweta upya, uzi si upo. Akasema litakuwa sweta jingine. Kisha likaja wazo la kuyatuma majani. Kwamba sweta lilikuwa moja, likiwa Makere haliwezi kuwa Kibondo, lakini majani yanaweza kuwa kila mahali. Goreti husema wazo hilo lilikuwa langu. Daftari limeandika *imesemwa tutume*, basi, halisemi nani, nami sidai. Tulimwendea Bi Mwanaidi kumweleza kwamba mlango wa binti yake hautapata majani. Nilitembea nyuma yake njia nzima, yaani hatua kumi na mbili. Alitusikiliza anachambua mchele. Alipofikishiwa habari ya mkono kwenye ukungu akauweka ungo chini.

"Tangu lini uko nyuma ya ukuta wangu?"

"Mwaka na miezi, mama."

"Mwaka na miezi! Na mimi nakupigia kelele za maua." Akamgeukia mumewe. "Baba Zuhura, gari la chumvi linakwenda Kibondo lini?"

"Jumamosi."

"Dereva ataondoka na majani haya, na kila duka anakoshusha abandike moja, aseme habari. Na hapa letu likae kwenye mzani, kila anayenunua alione." Akatuangalia. "Asumini ya nywelani haina majani. Mlijua? Nilikuwa nasahau." Kwa hiyo mlango wa Zuhura ulipambwa kwa meupe matupu, na watu wa pwani waliokuja harusini walivuta pumzi mbele yake kama kwamba yanaweza kunukia. Naandika hapa, baada ya miaka yote, kwamba nilikuwa nimemkosea Bi Mwanaidi kwa kurasa kumi na moja.

Gari liliondoka Jumamosi hiyo na majani ishirini na saba. Alhamisi iliyofuata ikaja barua. Katekista mmoja wa Gwarama, kwetu kabisa, alikuwa ameandika kwamba kwenye kijiji chao yuko mama anayelea mtoto wa kike aliyeokotwa njiani, na kwamba juzi, wakati wa kuhamia nyumba mpya, mama huyo alikunjua vitu vyake, naye katekista akaona ametoa sweta dogo la kijani lenye jani. Akakumbuka mama aliyemwona Makere wakati wa Pasaka na sweta la namna hiyo. *Aje,* alimalizia, *ila aje na lile sweta lake, kwa maana wameshakuja watu wawili kusema mtoto ni wao, na mama huyu hamtoi kwa maneno matupu.*

Mimi ndiye niliyeisoma barua hiyo kwa sauti. Mama Goreti hakuwa amesoma Kiswahili. Nilipofika kwenye sweta nilisimama, na nadhani alielewa kabla sijaendelea, maana alitazama sindano zake. Uzi uliobaki ulikuwa donge dogo kama limau.

Tulipanda gari la mizigo mpaka Kibondo, tukalala kwa jamaa za Mzee Shabani, tukafika Gwarama mchana wa siku ya pili. Yule mlezi aliitwa Mama Sesilia. Nyumba yake ilikuwa mpya, udongo wa ukutani haujakauka, na ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi ya kuezekea. Alitukaribisha kwa heshima, kwa salamu ya kwetu, mwakeye, mwakeye, akatupa viti, akaweka mbele yetu viazi na uyoga uliopikwa kwa karanga, chakula cha kumkirimu mgeni hasa. Mtoto alikuwa nyuma ya kanga yake. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria. Alimwangalia Mama Goreti kama unavyomwangalia mtu yeyote, na Mama Goreti akashika ukingo wa kiti.

"Barua ilisema sweta," Mama Sesilia akasema tulipokwisha kula.

Mama Goreti akatoa jani. Mama Sesilia akaingia ndani, akarudi na lile sweta dogo, akaliweka magotini, akalilinganisha. Vijani vitatu. Tundu pembeni ya uti. "Yanafanana," akasema. "Lakini hili ni jani, si sweta. Jani nimeliona hata dukani jana, limebandikwa. Mtu yeyote angeweza kulichukua akaja nalo." Hapo nikajua kwamba majani yetu yalikuwa yameharibu zaidi. Nikasimama, nikasema sweta nililifumua mimi, mama hana kosa. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Kaa, binti. Simgombezi mtu," Mama Sesilia akasema. Mama Goreti alikuwa amekwisha kuchomoa sindano kwenye kilemba chake, na pale kwenye kiti, kwa ule uzi wa limau, akaanza kufuma. Alifuma bila kuangalia mikono. Mtoto alisogea hatua moja. Mama Sesilia alitazama mpaka tundu lilipotokea, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unaweza kulifuma hili?"

Ningeweza kusema uongo. Nikasema, "Naweza."

"Basi si alama," akasema, na macho yake yalijaa machozi. Nataka niwe na haki kwa mama yule. Hakuwa mgumu. Alikuwa amemlea mtoto wa watu kwa mihogo yake, na kila aliyeingia mlangoni alikuja kumnyang'anya. "Mnionee huruma. Nipeni jambo ambalo haliwezi kufumwa."

Hapo daftari limeandika: *Tukasema habari ya kola.* Limesema tukasema. Goreti anashikilia kwamba ni mimi niliyefungua mdomo, kwamba mama yake alikuwa amekauka kama gogo. Mimi nakumbuka sauti, sikumbuki ilikuwa ya nani. Tukasema kwamba mtoto huyu akibebwa hutafuna kola mpaka alale, na kwamba kola ile ya kijani ilikuwa imekatikakatika vipande vya urefu wa kidole, na kwamba imeungua.

Mama Sesilia akaliweka kando lile sweta dogo. Akaishusha taratibu kanga aliyojitanda mabegani. Alikuwa amevaa blauzi ya maua. Kola yake, upande wa kushoto, ilikuwa imelika mpaka nyuzi zimesimama.

Goreti hakuondoka siku hiyo, wala mwezi huo. Walikubaliana, wale mama wawili, wenyewe, kwa Kiha na Kirundi vilivyochanganyika, wakiosha vyombo pamoja. Mama Goreti alihamia Kibondo ili asiwe mbali, na mtoto akawa na nyumba mbili mpaka alipozizoea zote. Mimi nilibaki naye mpaka mwisho wa mwaka ule, nikajifunza nyuki, ambaye ni mgumu kuliko jani, na nikaenda kuanza maisha yangu. Kila nilichonacho, hata karo za watoto, kilitoka kwenye spoku zile mbili.

Kwa hiyo si kweli kwamba kosa langu lilimpata Goreti. Barua ya katekista iliandikwa Ijumaa. Majani yaliondoka Kasulu Jumamosi. Kilichompata ni sweta lile lile, lilipokuwa bado zima, na miguu ya mama yake iliyovimba. Kosa langu lilikaribia kumkosesha. Kesho yake ya matanga, watu walipopungua, nilimfuata Goreti jikoni na daftari langu, nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha Ijumaa, nikamwonyesha Jumamosi. Alisoma yote mawili huku ameshika mwiko.

"Dada, barua yenyewe ninayo," akasema. "Iko kwenye Biblia ya mama. Najua ni Ijumaa."

"Sasa mbona unasema vile mbele za watu?"

"Ndivyo mama alivyotaka isemwe, kila mahali ulipo wewe. Tangu nikiwa mdogo. Akasema, Yusitina atakuja siku moja kukusahihisha, maana hana raha mpaka akosoe. Akija na daftari lake, usibishane naye. Mwambie akae, ale."

Akaniletea kigoda. Nikaliweka daftari chini, juu ya majivu makavu, nikakaa. Maharage yalikuwa na mawese mengi, kama alivyoyapenda Mama Goreti.